Shilingi ya Nne

Mimi mwana wa bustani,
yeye mwana wa nyumbani,
madirisha themanini:
Ivo, mrithi wa jina.

Mpira namtupia,
kijiti nakilengea,
shilingi meniwekea
juu yake huyo bwana.

"Ukiipiga, chukua,"
kisha gongo huinua.
Siku ya jua na mvua
tatu tu nikazivuna.

Hakucheza kwa ujira;
nami nala kwa mpira.
Alipita lango bora,
sisi nyuma, pa kubana.

Kadi ikichapwa, lake
lina cheo mbele yake;
langu Pardoe, peke yake,
kama punda lake jina.

Mpira, mwezi wa Juni,
aliutuma mtoni;
bata wa kwenye majani
wakalia kuitana.

Vita vikaja. Kavaa,
nyota begani zang'aa,
nami bunduki kutwaa;
topeni tukafanana.

Ufaransa, handakini,
asema, "Ni mwezi Juni;
nyasi zakatwa nyumbani,
harufu yake naona."

Likaruka bomu, mbele;
kalidaka vilevile
kama mpira wa kule.
Mkono ukatengana.

Baada ya vita, kaja,
ana kiganja kimoja.
Shilingi juu yangoja.
"Rusha, Pardoe. Kama jana."

Ningeweza kuupinda
mpira, bwana kushinda.
Angejua. Ningevunda
heshima ya kupambana.

Kijiti kikalazika,
shilingi ikaanguka;
akainama kushika,
kanipa, bila kunena.

Walimzika kwa mila,
malodi, watu wa hela.
Ya nne ile sijala;
niko nyuma, naibana.