Mpima Udongo Ajaza Fomu

Fomu inauliza: mwajiriwa, au mtoa huduma?
Visanduku viwili, weka alama kimoja.
Kalamu nimeazima kwa mlinzi wa geti, hapa Mtumba,
nimeishika kama mtu aliyeshika kaa.

Kazi yangu udongo.
Naletewa kwenye mifuko ya salfeti, imeandikwa kwa wino:
Ihumwa, mita moja na nusu. Nala, mita mbili.
Naupepeta, naulowesha, nausokota viganjani kama tambi.
Ukikatika mapema, kichanga.
Ukinyooka hadi wembamba wa njiti, huo mfinyanzi.
Udongo haujazi fomu. Unajibu.

Mkataba wangu ni wa miezi mitatu.
Ulizaa mwingine wa miezi mitatu,
nao ukazaa, nao ukazaa,
huu nilionao ni wa ishirini na mbili.
Ndani yake naitwa Kampuni.
*Kampuni itawasilisha ankara kila tarehe ishirini na tano.*
Sechelela alicheka mpaka akakalia gunia la uwele:
Haya Kampuni, njoo ule, mlenda unapoa.

Lakini Kampuni husaini daftari saa moja na nusu,
ikichelewa inapigiwa mstari mwekundu.
Kampuni huomba ruhusa kwenda msibani Mpunguzi.
Viatu vya Kampuni vina mhuri wa ofisi,
mizani ya ofisi, tanuri la ofisi,
hata kiti kimepakwa namba: mia nne na kumi na saba.
Changu ni mgongo
na namba ya mlipakodi.

Siku ya malipo ndipo ninapokuwa huru:
kodi ya zuio imeshakatwa mlangoni,
mengine nikajihesabie mwenyewe,
makadirio, risiti, foleni.
Pensheni? Kampuni haizeeki.
Matibabu? Kampuni haiugui malaria.

Juzi dirishani, afisa Chiwanga, mama mwenye miwani ya kamba,
hakunikemea. Aliivuta fomu upande wake
akauliza taratibu, kama anayepima joto la mtoto:
Saa zako anapanga nani?
Zana ni za nani?
Ukiumwa, unaweza kumtuma mwingine?

Nikamkumbuka Ndahani, mdogo wangu.
Mwezi wa pili homa ilinilaza, nikamwambia nenda,
kusokota nimekufundisha,
mkataba unasema Kampuni, na kampuni haina sura.
Akafika getini na kofia yangu.
Mlinzi, huyuhuyu mwenye kalamu, akamtazama juu mpaka chini:
Mwenyewe yuko wapi?

Mama akayaandika maneno hayo pembeni mwa fomu,
kwa penseli, akanirudishia.
Kajaze, akasema. Lakini usiseme uongo kunisaidia mimi.

Kuna udongo wa mbuga, mweusi, kule bondeni.
Kiangazi unajiita mwamba, sururu inadunda.
Mvua ya Desemba ikiugusa unakana jina, unavimba,
na nyumba ya mtu inapasuka kuanzia kona ya dirisha.
Sisi tunaoupima hatuuulizi unaitwa nani.
Tunatazama ukilowa unafanya nini.

Mlinzi ananyoosha mkono, anataka kalamu yake.
Visanduku vyote viwili vyeupe bado,
na pembeni, kwa penseli: *Mwenyewe yuko wapi?*

Saa moja na dakika ishirini na nane.
Kampuni inakimbia.