Mgongo wa Paa

Nyumba ya marehemu mama, pale Isevya, Tabora,
ina paa la bati lenye mabega mawili.
Mvua ikinyesha, tone la kaskazini
hushika mtaro wa fundi Kapela, likavuka reli,
likaenda kuutafuta Igombe.
La kusini huzunguka choo, likapita nyuma ya kinu cha mpunga
likiulizia njia ya Wala.
Sisi watatu tulilala katikati, chini ya mgongo huo,
tukisikiliza maji yakiagana.

Mwalimu wa jiografia alituchorea mito kwa chaki ya bluu,
akasema: ni kama mishipa ya damu.
Niliamini, hadi nilipoajiriwa kusoma kipimo cha maji
darajani Ugalla, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri,
ndorobo wakinisoma mimi shingoni.
Mshipa gani hukauka mwezi wa tisa
na mwenye nao akaendelea kwenda mnadani?

Oktoba mto haupo.
Yapo madimbwi, kila dimbwi na viboko wake
wamebanana kama mihogo kwenye gunia.
Kambale wamejizika topeni, hai.
Nikaandika daftarini: sifuri.
Ofisi ikajibu kwa barua yenye mhuri:
*Mto hauwezi kuwa sifuri. Rudia kupima.*
Nikarudia. Nikaandika:
sifuri, na viboko kumi na mmoja.

Machi pia mto haupo,
maana mbuga yote imekuwa mto.
Nchi hii imelala chali.
Maji ya milimani yanajua yaendako;
ya mbugani hutembea kama mtoto aliyetumwa dukani
akasahau alichotumwa: yanasimama, yanarudi nyuma,
yanaingia kwenye kwato za ng'ombe na kukaa humo.
Ukitaka kujua mkondo, usitazame maji.
Tazama nyasi zimeinamia wapi.

Kalunde aliolewa Uvinza. Anachemsha chumvi.
Igombe na Ugalla, kila mmoja kwa wakati wake,
humwagikia Malagarasi kabla ya kufika kwake,
kwa hiyo kila tone la paa letu,
la huku na la huku,
humpitia dada yangu mlangoni likielekea ziwani.
Nimemwambia hivyo kwa simu. Akacheka:
"Basi niletee na hela ya bati."

Ndebile alikwenda mashariki, Igunga, kulima pamba.
Mito ya huko haiji kwetu.
Manonga huingia Wembere, Wembere huingia Kitangiri,
na hakuna hata mmoja unaofika baharini.
Maji yanakaa, jua linayanywa,
kinachobaki ni weupe wa magadi juu ya udongo mweusi.
Tangu arobaini ya mama hajanipigia.
Kisa ni nyumba. Na cherehani, lakini hasa nyumba.

Juzi amepiga.
Mnunuzi amepatikana; zinatakiwa sahihi tatu.
Sauti yake ilikuwa kavu, ila mwishoni akauliza,
kana kwamba anauliza bei ya mbolea:
"Huko kwako maji yamefikia ngapi?"
Nikamsomea. Mita mbili na nukta nne.
Akasema, "Mengi," akanyamaza,
na wala hakukata simu.

Mnunuzi anataka paa la kisasa, la mteremko mmoja.
Mvua yote itaelekea kusini.
Kaskazini, mtaro wa Kapela utaota kwekwe.
Igombe hautahisi chochote;
mito haihesabu matone, wala ofisi haihesabu.

Lakini daftari langu lina safu ya mwisho,
nyembamba, iitwayo Maelezo,
ambayo kwa miaka tisa nimeijaza viboko na mitumbwi iliyozama.
Siku bati la kwanza litakapong'olewa
nitaandika humo, kwa kalamu ya wino:
*kuanzia leo, Wala umeongezewa nusu paa.*
Wakirudisha barua kwamba nirudie kupima,
nitarudia.