Daftari la Dobi, Msimu wa 1905

Septemba walikuja uani kwangu, vijana kumi na wanane wa chuo,
wamekumbatia fulana mpya za sufu.
Rangi ya damu ya mzee. Zilikuwa bado zinanuka duka.
Kapteni wao, Thaddeus Orcutt, mwana wa muuza mbegu,
akauliza bei.
Senti nne, nikasema. Senti sita ikiwa na damu.
Akacheka: damu haitaonekana, Bi Kvamme,
ndiyo maana tukachagua rangi hii.
Nikanyamaza.
Siri ya mtungi aijuaye kata.

Ndani ya kila ukosi nilitia alama ya uzi:
kijani cha Orcutt, njano ya yule mnene wa katikati,
buluu ya Lucian Haverkate, mdogo kuliko wote,
aliyesema asante kwa Kinorwe kibovu
alichojifunza kwa ajili yangu.

Jumamosi ya kwanza, seminari: ishirini na tisa kwa bila.
Fulana zikarudi na majani tu.
Jumamosi ya pili, wachimba makaa wa Corley: sare,
na tope jeusi lililogoma mpaka maji ya nne.
Kwenye mshono wa mkono mmoja, jino.
Nikalitia katika bahasha, nikaandika juu yake: La nani?
Hakuna aliyelidai.

Sikwenda kutazama hata mara moja.
Nilisikia tu, ng'ambo ya reli,
mngurumo ukipanda na kushuka kama mashine ya kupura ngano.
Waliniambia mpira haurushwi mbele, ni marufuku;
hubebwa tumboni kama mkate wa wizi,
kumi wakimsukuma mwenzao, kumi na mmoja wakimgandamiza,
yadi tano kwa majaribio matatu,
na kichwani hakuna kitu ila nywele,
walizozifuga makusudi tangu Juni.

Oktoba walishinda, wakashinda, wakashinda.
Mchungaji akafupisha mahubiri.
Kinyozi akaapa hatawagusa wale vijana hadi msimu uishe.
Mwokaji akaoka mikate yenye ncha mbili, tukainunua, hata mimi.
Kisha wakapanda treni kwenda kwa wakubwa wa jimbo:
sitini na tatu kwa bila.
Walirudi usiku. Hakuna aliyeimba.
Maji ya kwanza yalitoka mekundu.
Rangi, nikajiambia. Ni rangi inachuja.

Novemba kumi na moja, Corley tena, nyumbani kwetu.
Zikaja fulana kumi na saba.
Nikahesabu upya. Nikazigeuza kosi, nikitafuta buluu.
Magharibi Orcutt akaja mlango wa nyuma, bila kofia,
na ya kumi na nane imepasuliwa kwa mkasi wa daktari
toka shingoni hadi kiunoni.
Itashoneka? akauliza.
Na mwenyewe?
Akalitazama beseni.

Nikaifua. Usiku kucha nikaifua,
nikaishona mishono midogo hata mimi nisiione,
nikaipiga pasi, nikaikunja kama ya Jumapili.
Jumatano mama yake akafika na gari la farasi kutoka shambani.
Akaipokea. Akaizika uso wake ndani yake,
akavuta pumzi,
akavuta tena.
Kwa nini umeifua?

Bahasha ilikuwa rafuni, nyuma ya mtungi wa chumvi.
Ningeweza kusema: hili ni lake.
Nani angejua?
Nikabaki nimesimama, mikono imelowa,
naye akaondoka na kitu kinachonuka sabuni yangu.

Wadhamini wakafuta mechi mbili zilizobaki.
Chuo kingali na deni langu la dola moja na senti kumi na mbili;
sijaenda kudai.
Jino lipo. Sijui hata leo kama nilitenda haki au uoga.
Ukurasa wa mwisho wa daftari unasema:
fulana moja, ya damu, senti sita.
Hiyo nimeifuta.
Karatasi imetoboka pale.