Kabichi Imefunga?

Mama alinitumia mbegu kutoka Makete,
kazifunga kwenye karatasi ya daftari,
mwandiko wa mdogo wangu bado unasomeka:
saba mara nane.
Nikazisia kwenye ndoo ya rangi
niliyoitoboa kitako kwa msumari wa moto.

Zikaota. Zikarefuka shingo, kama zinachungulia
baridi iko wapi.
Januari ya Tabata haina baridi ya kumgawia mtu;
saa nne asubuhi majani yameshalala
kama nguo iliyodondoka kambani.

Mwanahawa wa chumba cha pili akacheka:
"Hiyo mwenzangu unailea, huilimi."
Akanikatia vikonyo vya matembele.
"Chomeka tu. Usiyabembeleze."
Wiki ya pili yakavuka ndoo, yakatambaa
kulitafuta tangi la maji.

"Kabichi imefunga?" Mama kwenye simu.
"Inafunga, Mama."
Mdomoni nina matembele.

Juni nikampelekea vikonyo kwa basi,
nimevivika gazeti lililoloweshwa.
Naijua sakitu ya kwetu, hulamba kila kilicho laini.
"Yameshika?"
Akakohoa kidogo.
"Yameshika, mwanangu. Jana tumekula."