Akiba Inayooza

Saa moja na dakika ishirini, Glasgow, mvua ya pembeni.
Kijana wa duka anatoka mlango wa nyuma,
mashine ya bei kiunoni kama bastola,
nasi tuliokuwa tukisoma makopo kama wasoma nyuradi
tunasahau ghafla kusoma.

Hakuna anayekimbia. Kukimbia ni aibu.
Tunatembea tu, upesi upesi, na vikapu vitupu:
mimi, mzee wa koti la kijani,
na mwanafunzi mmoja mwenye soksi zisizojuana.
Tunakutana penye kuku.

Tk! Karatasi ya manjano.
Pauni nne na nusu imekuwa moja na peni kumi.
Tk! Mtindi. Tk! Mkate.
Tk! Spinachi iliyokwisha kunywea mfukoni mwake,
peni kumi na tano, na kijana haniangalii anapoibandika.
Mzee hanisalimu, hajanisalimu tangu Januari,
lakini kuku wakiwa wawili
humsogeza mmoja upande wangu kwa kidole.

Akiba haiozi, alikuwa akisema bibi yangu,
aliyefunga hela zake kwenye pindo la leso.
Bibi, hukuiona ya kwangu.
Ya kwangu ina tarehe. Ya kwangu hufa saa sita za usiku.
Nikifika nayo nyumbani sivui koti:
spinachi chunguni, kitunguu, tui la kopo
(makopo tisa, niliyavizia Ramadhani yaliposhushwa bei),
kuku vipande kumi na viwili, mifuko minne,
kila mfuko na siku yake kwa kalamu nyeusi.
Friza imeshiba mpaka naifunga kwa goti.

Mchele ni gunia, mimi na Mwanashee wa ghorofa ya tatu.
Tunaugawa sakafuni, juu ya shuka,
kwa kikombe kilichovunjika mkono:
changu, chako, changu, chako.
Punje zikimwagika tunacheka.
Tunacheka, lakini tunaziokota.

Na kuna daftari.
Jumanne, sita na thelathini na tano.
Jumatano, hakuna.
Alhamisi, mbili na kumi, pamoja na maziwa ya Famau.
Watu huandika walichotumia;
mimi pembeni, kwa herufi ndogo, huandika nilichokwepa.

Famau ana miaka kumi.
Kila asubuhi kabla ya shule
huubandua mkate wake ile karatasi ya manjano,
polepole, kwa ukucha, kama anayetoa mwiba.
Sikumwuliza. Kuna maswali
ambayo mama huyapitia mbali kama deni.
Nilijua ni wenzake. Nilijua ni aibu.
Nilijua na majina ya hao wenzake.

Jumamosi nikitafuta soksi nikafungua kabati lake.
Mlango wote, upande wa ndani, manjano tupu,
safu kwa safu, zimenyooka kuliko mwandiko wake,
na chini ya kila safu, kwa penseli:
nne na nusu, toa moja na kumi.
Mbili, toa peni sitini.
Chini kabisa jumla, imezungushiwa duara mara mbili:
pauni mia mbili na kumi na saba, peni arobaini.

Alikuwa nyuma yangu, mswaki mdomoni.
"Mama," akasema, "hizi ziko wapi?"

Nikatazama mita ya umeme, inayopepesa taa yake nyekundu.
Nikatazama goti langu.
Nikatazama viatu vyake, ambavyo ni vya mtoto wa Mwanashee.
"Tumezila," nikamwambia.

Akafikiri. Akatema povu kwenye sinki, akarudi,
akachukua penseli, na pembeni ya lile duara
akaandika: ZIMELIWA.

Nikacheka hadi nikakaa kitandani.
Hakujua kwa nini. Hajawahi kumwona
mweka hazina wa ushirika wetu
akisimama mbele ya wanachama, jasho shingoni,
kutamka neno hilohilo.