Ritifaa

Kisumu, saa nane. Jua limekaa juu ya mabati
kama mdai asiyetaka kuondoka.
Ndani ya chumba cha kumbukumbu feni inazunguka,
inakoroga joto lile lile.
Wandiga wa masjala ananitulia sanduku la sita:
"Hizi ni nakala tu, mwalimu. Zenyewe ziko ng'ambo."
Anapiga chafya. Vumbi la vita vile
bado lina nguvu.

Namtafuta Ogara wa Ahero, baba ya mama yangu,
aliyepanda treni hapa hapa mwaka wa arobaini na mbili
na blanketi moja,
akamwambia Dani asimuuze yule fahali mwekundu.
Hakurudi. Fahali alizeeka, akafia zizini.
Dani hakumuuza.

Katika orodha ya askari wetu hayumo.
Wamo kina Ochola, Makokha, Kiprono,
kila mmoja na namba yake na dole gumba lake.
Wizara imeshaniandikia mara mbili:
hatuna mtu huyo.

Nimefundisha kupiga chapa miaka thelathini,
macho yangu hula makosa.
Sanduku la sita ni la Waayalandi, Wandiga amekosea,
nami nalipekua kwa uvivu tu, joto lipungue:
O'Brien. O'Dowd.
O'Gara.

Ritifaa. Kile kikia cha mjusi juu ya mstari
nilichowafundisha watoto kwa neno ng'ombe,
kwa neno ng'ambo.
Karani fulani, kambini, ana haraka,
alisikia jina, akalikata shingo,
akamvusha babu yangu bahari
kwa tone moja la wino.

Au ni Mwayalandi kweli? Nasoma.
Dini: Katoliki. Haya, hata wa kwetu walibatizwa.
Urefu: futi sita kasoro kidogo.
Malaria, mara nne.
Faini ya shilingi mbili, kwa kumjibu sajini.
Kisha daktari wa meno, mwandiko wa kuinama:
*Meno sita ya mbele, chini, hayapo.
Mgonjwa anasema hakuyapoteza. Anasema yalitolewa.
Anacheka.*

Nami nikacheka, peke yangu, hata Wandiga akaja kuchungulia.
Akasoma. Akagusa mdomo wake wa chini.
"Huyu," akasema, "ni wa kwetu."

Ukurasa wa pili: amefariki, Burma, kando ya mto,
Desemba, arobaini na nne.
Aliyearifiwa: mama mzazi, Sligo, Ayalandi.

Na nyuma yake, kwa pini yenye kutu, barua ya padri:
*Bwana Mkuu, tulimsomea Fintan O'Gara misa ya wafu.
Mama yake alilia siku tisa. Majirani walileta viazi.
Jana Fintan amefika kwa baiskeli, akaomba chai.
Tunamshukuru Mungu. Lakini niambie, bwana:
tulimlilia nani?*

Pembeni, kwa penseli ya mtu wa kikosi:
*Imeonwa.*

Dani hakulia. Angelia vipi, bila habari?
Alikaa miaka kumi na saba kati ya mke na mjane,
akimkatia fahali majani.
Na kumbe mahali nisipopajua, chini ya mvua nisiyoijua,
wanawake walijifunika shali wakamlilia mtu wetu
siku tisa nzima,
kwa lugha ambayo angeicheka,
na pengo lake lote nje.

Saa kumi. Wandiga anafunga madirisha.
Anauliza jalada alirudishe wapi, kwao au kwetu.
Ameshika kifutio; anaitazama ile ritifaa.

Iache, nikasema.
Nipe karatasi. Padri yule amekufa zamani,
lakini kiti chake lazima kina mtu,
na swali lake halijajibiwa.

Nikaandika:
Mlimlilia Ogara.
Alikuwa na fahali mwekundu.