Kilo Ishirini na Tatu

Mama kaniita kutoka juu ya ngazi
kwa sauti ile ya kuitia mtu aje kuua buibui:
"Thuwaiba! Hii video imekataa."

Haijakataa, Mama. Imenenepa.
Dakika arubaini na moja za akika ya Ilhamu,
giga nne na ushei,
na mtandao umesimama mlangoni kama afisa wa forodha,
haupokei inayozidi giga moja.

Nje, Foleshill, Jumanne ya mapipa.
Mvua ya Coventry, isiyonyesha wala isiyokoma,
inalowesha makaratasi ya jirani.
Tumekaa kitandani, kompyuta juu ya mto,
yeye kavaa miwani, nyingine iko kichwani kaisahau.

Tutaibana, nikamwambia.
"Utaibana vipi? Haitaumia?"
Nikatafuta maneno. Fremu. Pikseli.
Kila neno likaniteleza kama mbegu ya nyanya.
Ndipo nikaliona sanduku la kijani
juu ya kabati, kamba ya katani kiunoni.

Mama, unaikumbuka mizani ya Heathrow?

Nani wa kumkumbusha! Ruhusa kilo ishirini na tatu,
yeye ana thalathini na moja.
Akapiga magoti palepale, foleni nzima ikimtazama,
akavitoa viatu vya watoto kwenye maboksi,
soksi akazishindilia ndani ya viatu,
dawa za Bi Mtumwa ndani ya soksi,
koti zito akalivaa, na la pili juu yake,
Julai ile.
Ishirini na tatu kamili.
Hakuna kilichobaki Uingereza ila maboksi.

"Ala! Kumbe ndivyo," akasema.
"Basi toa maboksi."

Maboksi ni haya, Mama:
ukuta wa sebule. Hausogei.
Kompyuta inauandika mara moja tu,
kisha inasema: kama ulivyokuwa, kama ulivyokuwa.
Pazia vilevile. Saa iliyosimama tangu tuhamie.
Nafasi wanapewa wanaosogea:
mkono wako na mwiko,
mdomo wa Ilhamu ukitafuta titi,
moshi wa udi ukipita chini ya king'ora cha moto
tulichokivisha kofia ya kuogea.

Kidole chake kikaenda pembeni kushoto.
"Na baba yako?"

Baba yuko kitini, katoka zamu ya usiku ghalani.
Alianza vizuri, kanzu, tasbihi,
dakika ya tatu usingizi ukamchukua
na sahani ya halua mkononi.
Haikumwagika mpaka mwisho.

Naye kaandikwa mara moja, Mama. Kama ukuta.

Nilidhani atachukia.
Alicheka hadi miwani ya kichwani ikamdondokea mapajani.
"Mashine ina akili hiyo!
Mimi Vuai nilimwandika mwaka wa themanini na sita,
tangu hapo nasema kama alivyokuwa."

Kisha akasogea karibu, kama mtu anayehesabu chenji.
"Lakini tumbo lake hupanda na kushuka. Limo?"

Nikafungua zote mbili.
Kwenye kubwa linapanda, linashuka, kanzu inafuata.
Kwenye ndogo kanzu imetulia,
nyeupe moja, kama imepigwa pasi juu yake.

"Hapana," akasema. "Hapo mmemuua."

Nikaongeza ubora. Giga moja ikapita.
"Mkate Faki hotuba yake."
Mjomba Faki, dakika tisa, zote bima ya gari.
Nikamkata. Baba akapumua.

Sasa inapakia, Mama. Shangazi atapakua huko Chake.
"Apakue usiku, bando rahisi.
Mwambie ni pilau, aanzie pembeni."

Asilimia sita. Saba. Mvua.
"Na ile kubwa usiifute."
Nitaiweka wapi? Kompyuta imejaa.

Akatazama juu ya kabati.